Wakulima wanajibu "nakubali sana", halafu mbolea ya ruzuku hawaichukui: jibu refu kutoka kitongojini

Kwa waliochelewa kuingia kwenye uzi huu: mleta mada ni mwanafunzi wa shahada ya pili, anapima utayari na mtazamo wa wakulima wa kijijini kwa mpango wa serikali wa ruzuku ya mbolea. Amepeleka dodoso, karibu kila mtu amejibu "nakubali" au "nakubali sana". Novemba akaenda kwa wakala wa pembejeo akakuta wengi wa watu wale wale hawajachukua hata mfuko mmoja. Sasa anauliza: wamemdanganya, hawana elimu, au ni wavivu?

Wengi hapo juu wamejibu kwamba elimu haijawafikia. Mimi nalima mahindi Songea vijijini. Enzi za vocha za ruzuku ya pembejeo, 2009, nilikuwa mjumbe wa kamati ya vocha ya kijiji, na usajili wa wakulima wa ruzuku ya 2022 ulipoanza nilikuwa mwenyekiti wa kitongoji, yaani daftari nililishika mimi. Kwa hiyo nitasema nilichokiona, na siamini hata kidogo hiyo hoja ya elimu.

Mdogo wangu, tuanze na hilo dodoso. Ulifika kijijini na nani? Nina hakika ulianza ofisi ya kata, ukapewa barua, mtendaji wa kijiji akakupeleka nyumba kwa nyumba au akawaitia watu ofisini. Sasa mtu ameketi kwenye benchi, mtendaji yupo mlangoni anachezea simu, wewe unamsomea: "Mpango wa ruzuku ya mbolea una manufaa kwa mkulima. Unakubali sana, unakubali, huna uhakika, unakataa, unakataa sana?" Unategemea ajibu nini? Mtendaji huyo ndiye anayegonga muhuri barua ya utambulisho wa mkopo, ndiye anayeandika barua ya kumdhamini kijana wako akikamatwa na pikipiki. Isitoshe, hakuna mjinga wa kusema mbolea ya bei nusu haifai. Jibu alilokupa ni la kweli. Anakubali sana. Swali lako ndilo halikugusa kinachomzuia.

Kinachomzuia kwanza ni kalenda. Huku kwetu mvua za kupandia zinaanza mwisho wa Novemba, mwaka mwingine Desemba imeshaingia. Mahindi yanavunwa kuanzia Juni, yanauzwa Julai mpaka Septemba. Hapo ndipo mkulima ana hela mkononi. Oktoba hela imeshakwenda: ya kijana wa sekondari imelipwa, deni la dukani limelipwa, bati limenunuliwa, kuna harusi mbili za ukoo na msiba mmoja. Halafu Novemba ndiyo tunaambiwa mbolea imefika kwa wakala, njooni na namba zenu za ruzuku zilizotumwa kwenye simu.

Fanya hesabu ya heka (ekari) moja. Mfuko wa DAP wa kupandia, na Urea ya kukuzia mfuko mmoja au miwili. Ruzuku ilipozinduliwa Nane Nane ya 2022 pale Mbeya, DAP na Urea zilishuka hadi shilingi 70,000 kwa mfuko wa kilo 50, kutoka bei iliyokuwa imevuka 120,000. Ni nafuu kubwa, asikudanganye mtu. Lakini kwa bei hiyo heka moja bado ilitaka 140,000 hadi 210,000, na hujaweka mbegu chotara kilo kumi, hujalipa trekta, hujalipa vibarua wa palizi, hujalipa pikipiki ya kutoa mifuko kwa wakala kuileta kijijini. Mtu wa heka tatu alitakiwa awe na zaidi ya laki tano taslimu katika mwezi ambao nyumba nyingi zinakula mlo mmoja mzito kwa siku. DAP nayo haisubiri. Ni ya kuwekwa shimoni pamoja na mbegu. Ukiipata mahindi yameshaota majani manne, umeshachelewa, utaimwaga tu usione hasara ya kuirudisha.

Ndiyo maana nikisikia "utayari" nauliza: utayari wa mwezi gani? Mkulima wa Julai yuko tayari kabisa, ana hela mfukoni na anakumbuka vizuri shamba lililotoa na lililogoma. Mkulima wa Novemba ni yule yule, ila mfukoni hana kitu. Kitongojini kwetu kuna kikundi cha kinamama cha vikoba ambacho zamani kilikuwa kinavunja, yaani kugawana akiba, Desemba ili watu wale sikukuu. Baada ya msimu wa kwanza wa ruzuku wakakaa, wakahamisha siku ya kuvunja ikawa Oktoba, na wakakubaliana kwamba mgao wa kila mwanachama utatoka na angalau mfuko mmoja wa kupandia. Hawakufundishwa na afisa wala mradi. Wale kinamama ndio waliochukua mbolea mapema kuliko watu wote kitongojini, wakiwemo wanaume waliokuwa wakiongea sana mkutanoni. Mtazamo wao kwa mpango ni ule ule wa waume zao. Tofauti ilikuwa hela, na siku ilipopatikana.

Sasa twende kwenye daftari, maana hapa ndipo pana mambo.

Usajili ulitaka jina, simu, namba ya kitambulisho cha taifa (NIDA) kama unayo, shamba liko wapi, lina ukubwa gani, unalima nini. Kiasi cha mbolea utakachoruhusiwa kinatokana na heka ulizoandikisha. Tulilisema hilo kwenye mkutano mkuu wa kijiji, tukalirudia kitongojini. Nikaweka meza chini ya mwembe, watu wakaanza kupita.

Akaja mzee ambaye shamba lake tumepakana, nalijua, heka saba hazipungui. Nikamwuliza, "Baba, niandike ngapi?"

"Andika mbili."

"Mbili, Baba?"

"Andika mbili, mwanangu. Zilizobaki nazijua mwenyewe, zinatosha."

Wala hakuwa peke yake. Siku ile ukijumlisha heka nilizoandika, ungedhani kitongoji kizima ni bustani ya mchicha. Ukitaka kujua kwa nini, kumbuka huyu mzee amepitia nini. Amekimbia mgambo wa kodi ya maendeleo mpaka ilipofutwa 2003. Amehudhuria mikutano ya michango ya madarasa na zahanati ambako mtu husimama akasema mwenye heka kumi hawezi kuchangia sawa na mwenye moja, na watu wakapiga makofi. Kila mara serikali ilipokuja kuandika mali yake kwenye daftari, kilichofuata kilikuwa ni kudaiwa. Leo unamwambia kwamba daftari hili ni la kupewa. Angekuamini kwa lipi?

Desemba akaja nyumbani, amekasirika kwelikweli. Mgao wake umeisha. Wakala kamwambia mfumo unaonyesha mifuko ya heka mbili na ameshaichukua yote. "Mwenyekiti, mashine yenu inaninyima." Nikamkumbusha kile kikao cha chini ya mwembe, akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa ungeniambia kwamba safari hii ni kweli." Nilimwambia, na watu wote walikuwepo wakisikia. Alisikia maneno, ila hakuwa na sababu ya kuyapa uzito kuliko miaka arobaini ya uzoefu wake.

Msimu uliofuata mambo yakapinduka. Kila mtu akawa na heka nyingi. Wa mbili akaandika saba, wa saba akaandika kumi na tano, hata vijana wasio na shamba wakawa na shamba. Ukijumlisha, tulikuwa tumelima mpaka makaburini. Wapo walioongeza ili wapate mbolea ya kutosha kweli, maana mgao wa heka moja huwa mdogo kwa ardhi yetu iliyochoka. Wapo walioongeza ili wauze mifuko kwa jirani. Mtafiti akija na daftari la mwaka wa kwanza ataandika kwamba mwitikio ni mdogo na wakulima wana hofu. Akija na la mwaka wa pili ataandika mwitikio ni mkubwa na wana hamasa. Wote wawili watakuwa wameandika kuhusu daftari. Mahindi shambani hayakubadilika kiasi hicho.

Kuna jambo lingine la usajili ambalo sioni mtu akiligusa: mashamba ya kukodi. Kitongojini kwetu vijana wengi hawana ardhi yao. Wanakodi heka mbili tatu kwa msimu kutoka kwa mtu aliyehamia mjini au mstaafu mwenye eneo kubwa. Usajili ulipokuja, mwenye ardhi akajiandikisha kwa ardhi yake. Anayeilima hakuwa na cha kuandika, au akiandika ataonekana anadai shamba la mtu, na mwakani asikodishiwe. Matokeo yake mbolea inatoka kwa jina la mwenye ardhi, naye anampa mpangaji kwa kuongeza "kidogo". Kijana huyo ndiye mkulima hasa, anaamka saa kumi na moja, anapalilia mwenyewe, na kwenye mfumo hayupo. Ukimwuliza mtazamo wake kuhusu ruzuku atakwambia ni nzuri, kwa sababu hata baada ya nyongeza ya mwenye shamba bado ni nafuu kuliko bei ya zamani.

Wanawake nao. Wengi wameandikwa chini ya jina la mume, kwa simu ya mume. Ujumbe wenye namba unaingia kwenye simu ile. Mume yuko Tunduru machimboni, simu inashika mtandao mara moja kwa wiki akipanda mlima. Mama kasimama kwa wakala na hela yake imefungwa kwenye ncha ya kanga, anaambiwa bila namba hapati. Nimelishuhudia hilo. Nilichofanya ni kumwomba mtu mwingine mwenye mgao usiochukuliwa amsaidie, jambo ambalo kwa taratibu halikutakiwa, lakini mvua ilikuwa imeshanyesha.

Tuje kwenye elimu sasa, maana ndiyo hoja iliyojaa hapa.

Songea si mahali pa kumfundisha mtu mbolea ni nini. Miaka ya 70 na mwanzoni mwa 80, mbolea ilikuwa inaletwa huku kwa bei ya ruzuku, nyingine ikitoka kiwanda cha Tanga, na Shirika la Usagishaji la Taifa lilikuwa linanunua mahindi kwa bei moja nchi nzima, hata ukiwa mwisho wa barabara. Hapo ndipo Ruvuma, Rukwa, Iringa na Mbeya ikaanza kuitwa mikoa minne mikubwa ya chakula. Baba zetu walikuwa wanataja mbolea za SA, TSP na CAN kama wanavyotaja majina ya watoto wao. Halafu miaka ya 90 mwanzoni ruzuku ikapunguzwa hatua kwa hatua hadi ikaondolewa kabisa, na mtu wa Songea akajikuta analipa mbolea pamoja na nauli ya lori kutoka pwani. Wakarudi kwenye jembe na majivu. Hawakusahau. Kwa hiyo ukimleta afisa wa kuwaeleza faida za mbolea, wanamsikiliza kwa adabu, wanampigia makofi, wanarudi nyumbani wakijiuliza safari hii itadumu miaka mingapi.

Na hata wanaosema mbolea inaua ardhi, usiwaandike haraka kwenye safu ya "mtazamo hasi". Wanachokiona kipo. SA na Urea zikitumika mwaka hadi mwaka bila chokaa wala samadi zinazidisha tindikali kwenye udongo, na udongo wa nyanda hizi tayari una tindikali. Mahindi yanafika mahali hayajibu tena hata ukiongeza mfuko. Mkulima hana neno la kitaalamu la kulieleza hilo, anasema "ardhi imezoea" au "ardhi imekufa". Maafisa ugani walipopewa pikipiki na vipima udongo 2022, kilichotakiwa kije nyuma yao ni chokaa ya bei nafuu. Huku kwetu pikipiki tumeiona. Chokaa naisikia kwenye redio.

Vocha ndizo zilizoharibu zaidi, na hapa naongea kama mtu aliyekaa ndani ya kamati. Mpango ule ulikuwa na mantiki nzuri kwenye karatasi. Kaya iliyochaguliwa ilipata vocha tatu: ya mbolea ya kupandia, ya kukuzia, na ya mbegu za mahindi au mpunga, za kutosha heka moja. Vocha inalipa nusu ya bei, mkulima anaongeza nusu. Walengwa wawe wanaolima isiyozidi hekta moja, kaya zinazoongozwa na wanawake zipewe kipaumbele, na mtu awe na uwezo wa kulipa ile nusu nyingine. Ona mtego ulipo: mchague mwenye hali ya chini, halafu awe na hela. Kamati tukachagua majina, wajane na wenye kaya ndogo tukawaweka. Ikafika zamu ya kuongeza nusu, hawana. Wakala anajua hawana. Anamwambia bibi, "Saini hapa, chukua hii elfu kumi ukanunue sukari." Bibi anasaini, wakala anapeleka vocha benki analipwa kamili, mbolea inabaki stoo kwake inauzwa kwa bei ya sokoni. Kwenye taarifa bibi amepata mbolea, amelima kisasa, na baada ya misimu mitatu amehitimu, yaani hahitaji tena ruzuku.

Bibi yule sikuwahi kumlaumu. Elfu kumi ya uhakika mwezi Desemba ina faida kwake kuliko mbolea asiyoweza kuikomboa. Lakini watu waliona, na kijiji kikajifunza kwamba mpango wa serikali ni kitu unachosaini. Miaka kumi na tatu baadaye unaleta mfumo wa kidijiti, mifuko ina alama za kuskani, wizi wa namna ile kweli umebanwa sana, nakubali. Watu wanaulizana, "Safari hii tunasaini wapi?"

Halafu ilikuja Minjingu. Kwenye vocha ya kupandia mkulima alikuwa apate DAP au fosfeti ya Minjingu inayochimbwa Manyara. Huku wengi wakaletewa Minjingu, enzi hizo ikiwa ni unga unga. Mtu anafungua mfuko anaona vumbi la kijivu, anasema nimeletewa udongo. Kitaalamu Minjingu inafanya kazi vizuri kwenye udongo wenye tindikali kama wetu, na fosfeti yake inaendelea kutoka hata msimu wa pili. Ila haina naitrojeni, wakati DAP ina asilimia 18. Mahindi ya DAP yanatoka kijani kibichi wiki ya tatu, ya Minjingu yanatoka manjano pembeni yake, mashamba yanapakana, kila anayepita anaona. Hakuna aliyekuja kueleza kwamba unatakiwa uanze na Urea kidogo mapema. Mpaka leo kuna watu ukiwatajia mbolea yoyote ya ndani wanakunja uso, ingawa siku hizi inatengenezwa kwa chengachenga na imeongezewa virutubisho.

Pawatila, yale matrekta madogo ya kusukuma kwa mkono ya mpango wa Kilimo Kwanza, nazipita haraka. Zilikuja baada ya 2009, ardhi yetu ina visiki na ni nzito, zikaishia kubeba mchanga na matofali. Watoto walizipenda.

Wazee wana kumbukumbu ya nyuma zaidi, na ukikaa nao jioni bila karatasi watakueleza. Hapa hapa Songea, Litowa, wakulima walianza wenyewe vijiji vyao vya ushirika miaka ya 60, wakaunda Chama cha Maendeleo ya Ruvuma, wakalima pamoja, wakawa na shule yao. Mwalimu mwenyewe aliwasifia. 1969 chama tawala kikakivunja chama chao, mambo yote yakapelekwa juu. Baadaye ikaja operesheni ya vijiji ya miaka ya 70, watu wakahamishwa wakaacha mashamba yaliyokuwa na mbolea ya miaka. Wajukuu hawajui majina ya vyama hivyo, lakini tabia ya kukaa nyuma kidogo, kusubiri jirani aingie kwanza, imerithiwa. Mimi siiti hiyo ni kutokuwa tayari. Ni namna ya mtu asiye na akiba ya kupoteza.

Kitu cha mwisho ndicho ninachokiona kizito kupita vyote, na kwenye dodoso lako sijakiona: bei ya mahindi ya mwaka uliopita.

Mkulima wa huku hapimi mfuko wa mbolea kwa shilingi. Anaupima kwa magunia. Chukua mfuko wa 70,000, ile bei ya 2022. Mahindi yakiwa shilingi 700 kwa kilo, mfuko ni gunia moja la kilo mia. Yakiwa 350, mfuko ni magunia mawili. Mifuko mitatu kwa heka ni magunia matatu au sita. Heka ikipata mbolea na mvua nzuri, kwa uzoefu wangu inatoa magunia kumi na tano hadi ishirini, bila mbolea matano mpaka saba. Ukitoa magunia sita ya mbolea, ukatoa mbegu, trekta, palizi, kuvuna, kupukuchua na usafiri, halafu mlanguzi akaja na lumbesa yake, gunia lililojazwa kupita kipimo, kilichobaki hakikutoshi kumsomesha mtoto. Mwaka huo mtu anapunguza heka, analima ya kula tu, na mbolea ya ruzuku inabaki kwa wakala. Atakwambia anaupenda mpango, na anaupenda kweli.

Mfano hai ni 2017. Juni mwaka ule Rais Magufuli alizuia mahindi ghafi kwenda nje ya nchi, akasema tuuze unga. Huku tulikuwa ndiyo tunavuna. Bei ikadondoka mpaka watu wakaacha mahindi kwenye vihenge yakaliwa na dumuzi. Zuio likaja kuondolewa baadaye, ila wengi walikuwa wameshauza kwa hasara. Msimu uliofuata hata mwenye duka la pembejeo alijua hali, aliagiza mzigo mdogo. Hakuna mtu aliyekuwa amebadilisha mtazamo kuhusu mbolea, ruzuku ya 2022 ilikuwa haijazaliwa.

Na 2024 tuliona upande wa pili wa shilingi hiyo. NFRA, ile hifadhi ya chakula ya taifa, ilitangaza kununua mahindi kwa 700 kwa kilo, ikawa nafuu kubwa kwa aliyefika kituoni na mahindi makavu na safi. Lakini si kila mtu anafika. Kipima unyevu kinasoma, mahindi hayajakauka, unarudi nayo. Lori la kukodi linakudai siku ya kusubiri foleni. Mwenye gunia tano hawezi, anamwuzia mlanguzi anayepita na bei ya nusu, naye mlanguzi ndiye anayekwenda kuyakausha na kusimama foleni. Kwa hiyo katika kijiji kimoja, mwaka mmoja, kuna watu ambao mfuko wao wa mbolea ulikuwa gunia moja na wengine ulikuwa magunia mawili. Novemba iliyofuata nilijua nani atachukua mbolea na nani hatachukua kabla hata wakala hajafungua stoo.

Sisemi mpango haufai. Takwimu za serikali zenyewe zinaonyesha matumizi ya mbolea nchini yamepanda kutoka kama tani 360,000 msimu wa 2021/22 hadi kuvuka tani 800,000 msimu wa 2023/24, na hilo hata kwa macho tunaliona, mashamba ni ya kijani kuliko miaka ya nyuma. Kuvitumia vyama vya ushirika vya msingi (AMCOS) kusambaza kumepunguza safari za kwenda kulala mlangoni kwa wakala wa mjini. Ningekuwa na sauti ningeomba mambo mawili tu: mbolea iwepo kijijini Julai mtu akiwa na hela yake, na mifuko midogo ya kilo 25 na ya kilo 10 iwe ya kutosha ili mwenye nusu ya hela asirudi mikono mitupu.

Kwa upande wa utafiti wako, bado una muda wa kuuokoa. Rudi Februari, mahindi yakiwa kifuani, ukiwa peke yako. Acha "unakubali sana". Uliza mwaka jana ulichukua mifuko mingapi, mwezi gani, na hela ilitoka wapi: mahindi, kikoba, mtoto aliye mjini, au mkopo wa kulipa kwa mahindi ya mavuno. Uliza uliuza kilo kwa bei gani na kwa nani. Ukiingia uani angalia mifuko mitupu ya mbolea, hakuna anayeitupa, wanawekea maharage, wanatandikia karanga, wanazibia dirisha. Ihesabu na usome chapa zake, utapata jibu ambalo halijapitia kwa mtendaji.

Na jambo ambalo msimamizi wako atakuuliza siku ya kutetea: majina ya sampuli uliyapata wapi? Kama uliyachota kwenye daftari la usajili, basi vijana wa mashamba ya kukodi na kinamama walioandikwa kwa majina ya waume zao hawamo kabisa. Anza na hao. Kwetu wapangaji utawakuta kijiweni kwa bodaboda kuanzia saa kumi jioni, na hawana shida ya kuongea.